Koti la Mkaguzi Namba 41

Ersilia Vignone hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa mishono. Ukimpa suruali ya askari, ataigeuza ndani nje, atapitisha kidole gumba juu ya mshono, na papo hapo atakwambia kwamba fundi aliyeishona asubuhi hiyo alikuwa amegombana na mumewe. Kwa kipaji hicho jeshi la Marekani lilimwajiri mwaka 1941 katika kiwanda chake cha sare pale Port Camber, kando ya mto Delaware, likampa kiti, taa, mkasi na namba. Namba yake ilikuwa 41. Kila nguo aliyoipitisha aliitia mfukoni kijikaratasi cha ukubwa wa stempu kilichochapwa: Mkaguzi Namba 41. Kifungo kikimdondokea askari huko aliko, basi ajulikane wa kulaumiwa.

Alivitia vijikaratasi hivyo maelfu kwa maelfu, mpaka mkono ukawa unafanya wenyewe bila kumuuliza mwenye mkono. Hilo ndilo lililokuja kumponza. Lakini si vizuri kuanzia hapo. Tuanze na pete, maana pete ilitangulia, na ukiniuliza mimi, pete ndiyo iliyokuwa kosa lenyewe. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa mwaka 1936, mwezi wa pili, baridi ya kung'oa masikio. Katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Roko iliwekwa meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza beseni. Nyuma ya meza alisimama Padre Ciro, na kando yake wakili Attilio Brancati, kijana bado, nywele zimelowa mafuta, shati jeusi ndani ya koti la bei. Wanawake wa Kitaliano wa Port Camber walipanga foleni hadi nje. Kila mmoja akifika alivua pete yake ya ndoa, ya dhahabu, akaitupa kwenye beseni, na Padre akamvisha nyingine ya chuma iliyokwisha barikiwa. Dhahabu ilikwenda Italia kusaidia vita vya Uhabeshi. Brancati aliwabusu wote mashavu yote mawili na kuwaambia kwamba sasa wameolewa na taifa.

Msije mkadhani lilikuwa jambo la kujificha. Magazeti ya Kimarekani yenyewe yalimsifu Mussolini siku hizo, kwamba amewafundisha Waitaliano kuamka mapema. Msimamizi wa kiwanda cha kofia, alikokuwa akifanya kazi Ersilia kabla ya jeshi, Mmarekani wa tangu enzi na enzi, alisema waziwazi kwamba nchi hii nayo ingeazimwa mtu kama yule kwa wiki mbili tu, awanyooshe hawa wanaogomagoma. Kwa hiyo Ersilia alijipanga. Mbele yake wifi yake, nyuma yake jirani. Alipofika mezani kitu kilimwambia toka, lakini kutoka kwenye foleni mbele ya mtaa mzima ni kazi ngumu kuliko kuvua pete. Akavua.

Mumewe, Gaetano, alikuwa mchonga mawe. Nusu ya makaburi ya Port Camber yana mkono wake. Kule kwao Abruzzo aliwahi kuwa katibu wa chama cha waashi, na mwaka 1922 wale wa mashati meusi, watu wa Mussolini, walimfunga kwenye kiti cha kinyozi, wakamziba pua, wakammiminia lita nzima ya mafuta ya nyonyo mbele ya watu wa kijiji chake, wakacheka mpaka akajichafua. Mwaka uliofuata akapanda meli.

Jioni ile alikuwa anakata mkate. Akautazama mkono wa mkewe.

"Iko wapi?"

"Nimeitoa kanisani. Wametoa wote."

Gaetano aliweka kisu chini. "Wahabeshi wamekukosea nini, Ersilia?"

Ersilia hakuwahi kuiona hata ramani ya Uhabeshi. Alianza kulia, akaishika ile pete ya chuma aivue aitupe dirishani, lakini mumewe alimzuia mkono.

"Usivue. Vaa. Uwe unaiona."

Kuanzia siku hiyo hakumwita tena jina. Alimwita "wewe". Wewe, chumvi iko wapi. Wewe, funga mlango. Ilikuwa hivyo Kwaresima nzima, mpaka Jumatatu ya Pasaka alipojisahau akasema, "Ersilia, kahawa imechemka," naye Ersilia akaangusha sahani mbili kwa furaha. Pete hakuivua. Aliivaa aione, kama alivyoambiwa.

Gaetano alikufa Januari 1942, mapafu yamejaa vumbi la mawe, mwezi mmoja baada ya Marekani kuingia vitani. Alipokuwa kitandani alisema ni uonevu mtupu, kufa wakati Marekani nzima ndiyo kwanza imeanza kukubaliana naye.

Na kweli ilikubaliana, tena kwa kishindo. Chama cha Brancati kilichokusanya pete kilifumba macho siku ya Pearl Harbor na kufumbua kesho yake kikiitwa Klabu ya Uhuru. Mashati meusi yalitiwa rangi ya kijani au yalikatwa vitambaa vya kupigia deki. Waitaliano wasio na uraia waliitwa wakachukuliwe alama za vidole. Kwenye ukuta wa kituo cha treni lilibandikwa tangazo la kuwakataza watu kusema lugha ya adui, na wanawake wa kiwandani, ambao hawakuwa na nyingine, wakajifunza kusengenyana kwa Kiingereza kilichovunjika mbavu. Ersilia alikuwa raia tangu 1931. Alikaa kwenye kiti chake, akakagua makoti ya vijana waliokuwa wakienda kupigana na watoto wa dada zake.

Warusi nao walipanda chati. Jana tu walikuwa wakana Mungu na wala watoto. Baada ya Stalingrad, Stalin akawa anatabasamu na kiko chake kwenye jarida la kinyozi, babu wa watu. Februari 1943 meza ikawekwa tena katika ukumbi wa Mtakatifu Roko. Meza ileile, kitambaa kilekile, chenye doa la divai kwenye pembe. Nyuma yake Padre Ciro, nywele zimekuwa nyeupe, na Wakili Brancati, tumbo limemtangulia, kifuani beji ya bendera mbili, ya Marekani na ya Urusi. Safari hii walikuwa wanakusanya makoti.

"Na barua!" Brancati alipaza sauti. "Kila mmoja atie barua mfukoni, jamani, mistari miwili mitatu. Rafiki zetu Warusi wajue ni nani anawapenda!"

Ersilia alileta koti la Gaetano. Lilikuwa la sufu nyeusi, kola yake alikuwa ameigeuza mara mbili kwa mkono wake mwenyewe, na tangu mazishi lilikuwa linaning'inia kabatini kama mgeni asiyekaribishwa kuketi. Hakulitoa kwa ajili ya Stalin. Alilitoa kwa sababu foleni hii, alihesabu yeye, Gaetano angesimama naye. Barua aliiandika kwa Kiingereza chake: "Koti hili ni la mume wangu. Alikuwa mtu mwema. Nimelikagua, halina kasoro. Livaeni mshinde." Akaitia mfukoni. Halafu ule mkono wake, ambao haukuwa ukimuuliza tena, ukaingia kwenye mfuko wa aproni, ukatoa kijikaratasi, ukakitia pale pale. Mkaguzi Namba 41. Hata hakujua kwamba amekitia.

Jibu lilikuja baada ya mwaka na nusu. Halikuja nyumbani wala kanisani. Lilikuja kiwandani, kwenye kambi ya jeshi, kwa sababu nyuma ya kile kijikaratasi kulikuwa na mhuri wa kiwanda. Juu ya bahasha waliandika kwa herufi za kujifunza: Kwa Mkaguzi Namba 41, Marekani.

Kanali aliyekuwa mkuu wa kiwanda alifurahi kana kwamba barua ni yake. Aliamuru isomwe kwenye kipaza sauti saa ya chakula. Na nani atasoma Kirusi? Feiga Malkin, wa kitengo cha pasi, aliyezaliwa Vitebsk, mwanamke mwembamba mwenye mdomo. Walimpandisha juu ya kreti la soda, naye akasoma akitafsiri mstari kwa mstari, huku wanawake mia mbili wameacha vijiko hewani.

Mwandishi alikuwa mwanamke mmoja, Darya, wa karibu na Smolensk. Koti amepewa kaka yake, alisema, linamkaa vizuri, mikono tu ndiyo mirefu kidogo. Sasa wanajenga shule upya, na kaka yake analivaa kazini. "Mkaguzi mpendwa," ilisema barua, "umeandika kwamba koti halina kasoro, lakini kwenye pindo la mfuko tumekuta unga wa mawe. Kaka yangu ni mwashi. Ameujua mara moja. Anauliza, je, mumeo alikuwa mwashi pia? Anasema atalitunza."

Ersilia alilia mpaka akashikiliwa. Alikuwa amelipekua koti lile kila mshono, na unga wa mawe haukumpita machoni, ila alikuwa ameuzoea, kwa miaka kumi na tisa ulikuwa kwenye kila kitu ndani ya nyumba yake, hata kwenye mkate. Feiga alishuka kwenye kreti akampangusa kwa aproni. Ndipo walipokuwa marafiki. Mpiga picha wa gazeti la mji alikuja, Ersilia akapigwa picha na barua mkononi, pembeni kanali anacheka, na picha hiyo ikatiwa fremu na kutundikwa kwenye ukuta wa kantini, juu ya birika la kahawa. Chini yake liliandikwa jina la Ersilia na la kanali. Feiga hakutajwa. Gazeti lilisema "mfanyakazi mwenzake anayejua Kirusi".

Picha ilikaa pale miaka mitatu. Siku moja ya mwaka 1947 haikuwapo, pamebaki mraba wa rangi safi ukutani, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Maana upepo ulikuwa umegeuka tena. Mussolini alikuwa amekwisha, amening'inizwa miguu juu huko Milano, na adui wa leo alikuwa yule babu wa kiko. Serikali iliagiza kila mfanyakazi wake achunguzwe kama ni mwaminifu. Yule kanali alikuwa amehamishiwa Japani. Wakaja vijana wawili wenye kofia, wakapita meza kwa meza wakiuliza ni nani aliyesoma ile barua siku ile. Wanawake wa Port Camber, ambao wangekutajia mtaa mzima umekula nini Jumapili iliyopita, wakapatwa na usahaulifu wa ghafla. Mmoja alisema siku hiyo alikuwa na mafua ya masikio. Mwingine alisema ilisomwa na mwanamume.

Ikabaki kumuuliza mwenye barua. Machi 1948 Ersilia alipata wito wa kufika mbele ya baraza.

Siku mbili kabla, Feiga alimfuata chooni, wakafungulia bomba.

"Watakuuliza juu yangu," Feiga alisema. Mdomo wake wote ulikuwa umekwisha, amebaki macho. "Ersilia, mwaka thelathini na nne nilitia sahihi kwa Wakomunisti. Foleni ya mkate, mama mgonjwa, wakasema weka jina hapa, nikaweka. Nilikwenda mikutano minne. Wa tano nikalala usingizi. Lakini jina lipo huko. Wakiniunganisha na hiyo barua, kazi imekwenda, na uraia wenyewe wanaweza kuuchana. Mama yangu nitampeleka wapi? Vitebsk? Wayahudi wetu hakuna hata mmoja aliyebaki Vitebsk."

"Nani kasema wataniuliza juu yako? Wataniuliza mimi koti."

"Sikuambii udanganye."

"Funga bomba, mwenzangu," alisema Ersilia. "Maji ni ya serikali."

Baraza lilikaa ghorofa ya pili, juu ya posta, saa nne asubuhi. Meza haikuwa na kitambaa. Katikati mwenyekiti, Bwana Pruett, aliyewahi kuwa meneja wa benki. Kushoto meja mstaafu, Lundquist, anayesikia kwa sikio moja. Kulia, amevaa miwani mipya, Wakili Attilio Brancati.

Ersilia alimtazama, naye Brancati akatazama karatasi zake.

"Bi Vignone," alianza mwenyekiti, "mwaka 1943 uliwasiliana na raia wa Urusi, na katika mawasiliano hayo ukatoa namba yako ya jeshi."

"Nilitoa koti, bwana."

"Na namba."

"Namba ni ya kifungo kikidondoka."

Meja akasogeza sikio. "Kasema kifungo?"

"Ni nani aliyekushauri utie barua mfukoni?" aliuliza mwenyekiti.

Ersilia hakuwa amepanga kusema. Lakini aliulizwa, na yeye alilelewa kwamba mtu mzima akiulizwa hujibu.

"Huyo hapo," akasema. "Wakili. Alisimama nyuma ya meza, kanisani, na beji ya bendera mbili. Kasema tieni barua, Warusi wajue ni nani anawapenda."

Brancati alivua miwani akaifuta, nayo haikuwa na uchafu.

"Walikuwapo watu wengi," alisema. "Ilikuwa kamati ya mji mzima. Meya alikuwamo. Jenerali mmoja alitutumia simu ya pongezi. Sikumbuki maneno."

"Bwana Brancati hachunguzwi hapa," mwenyekiti alisema haraka, akaandika kitu, kisha akakikata.

"Basi kama mnataka makosa yangu," alisema Ersilia, maana jambo hili lilikuwa limekaa naye miaka kumi na miwili, "niulizeni hili." Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, vidole vimetanuliwa. "Hii ni chuma. Ya dhahabu nilimpa Mussolini, mwaka thelathini na sita, akaendee vitani kuua watu ambao hawajanikosea kitu. Hilo nimelifanya kweli. Nikatubu kwa Padre, kumbe Padre ndiye aliyenivisha. Nanyi niulizeni, ndiyo kazi yenu. Wakili anajua, yeye ndiye aliyeshika beseni."

Meja Lundquist aliinama akaitazama pete kwa makini. "Imedumu vizuri," akasema. "Haijashika kutu hata kidogo."

"Hayo ni ya zamani, bibi," alisema Bwana Pruett, na kusema kweli alisema kwa upole. "Kabla ya vita. Watu wenu wengi walifanya, hakuna anayewalaumu, mambo ya nyumbani kwenu yale. Na chama chenyewe hakimo kwenye orodha yangu, hakipo tena. Turudi kwenye barua. Tunajua wewe husomi Kirusi. Kuna mtu aliyekusomea. Taja jina lake na, kwa upande wangu, utarudi kwenye meza yako leo hii, kabla ya chakula."

Ersilia aliondoa mkono mezani.

"Ilisomwa kwenye kipaza sauti cha jeshi," alisema. "Kanali alikishika mwenyewe."

"Jina, Bi Vignone."

"Kanali ndiye ninayemkumbuka."

Mwenyekiti akatazama saa, akatoa dakika kumi za kufikiri.

Nje, kwenye ukumbi, palikuwa na benchi. Ersilia hakuwa ameketi hata vizuri Brancati akatoka, akaja akasimama karibu, akaanza kwa Kitaliano, sauti ya chini, ile sauti ya mtaani kwao.

"Dada Ersilia. Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nimejibu nilichoulizwa."

"Sikiliza. Mimi na wewe tulifanya walichofanya wote. Thelathini na sita wote walikuwa kule, arobaini na tatu wote walikuwa huku. Nani angejua? Mtu anaishi na watu. Sasa wote wako hapa, basi na wewe njoo hapa. Una miaka hamsini. Wakikufukuza kwa jambo hili hakuna kiwanda kitakachokufungulia mlango, hata cha kofia. Nami nakutakia heri, nilimjua Gaetano." Alijikuna shingo. "Ni jina tu. Hata sisi tunalijua, karibu tunalijua, wanataka litoke kinywani mwa mtu. Jambo dogo, dada yangu. Unasema, unakwenda zako."

"Hata ile uliniambia ni jambo dogo."

"Ipi?"

"Pete. Nilikawia mezani, ukaniambia, haya mama, jambo dogo, wenzako wanangoja."

Brancati alitazama mlango wa baraza. Labda alikumbuka, labda hakukumbuka. Alikuwa amesimama nyuma ya meza nyingi.

"Lakini ile ilikuwa yangu," alisema Ersilia. "Nilikosa, lakini nilitoa changu. Safari hii unataka nikupe cha mwenzangu." Akainuka, akanyoosha sketi. "Waambie nimeshafikiri. Hizo dakika nyingine wanywee kahawa."

Barua ya kufukuzwa ilikuja baada ya siku kumi na moja, mistari minne. Ilisema kwamba kuna mashaka ya kutosha. Ersilia aliruhusiwa kuingia kiwandani mara moja ya mwisho, akisindikizwa na askari, achukue mkasi wake. Vijikaratasi vyake havikuwapo tena mezani. Wanawake wa mstari wake waliinamisha vichwa juu ya nguo, ila mmoja mmoja, alipopita, walikuwa wakigonga meza kwa kidole cha kati, kile chenye kastabini. Tik. Tik. Tik. Mpaka mlangoni. Askari aliuliza ni kitu gani hicho, akaambiwa ni mabomba.

Jumapili Feiga alikuja na sufuria ya supu ya kuku imefungwa kwenye taulo. Rangi ilikuwa imemrudia usoni, na mdomo nao ulikuwa umemrudia.

"Hawakuniita," alisema hata kabla ya kuvua kofia. "Wiki tatu nasikiliza mlango. Hawakuniita! Walikuuliza juu yangu?"

"Wewe?" Ersilia alisema akitoa bakuli. "Hawakukutaja hata mara moja."

Na huo haukuwa uongo. Hawakumtaja kweli.

Feiga akaketi akashusha pumzi ya wiki tatu. Kisha, kama ilivyo kwa watu waliotoka kwenye hofu, akaanza kugomba. "Sasa wewe wamekufukuzia nini? Kwa koti tu?"

"Walitaka jina la mtu."

"La nani?"

"Mtu tu. Humjui."

"Nawe hukutaja?"

"Sikutaja."

"Mjinga wewe! Mkaidi! Waitaliano wote vichwa mawe." Feiga alipiga meza, supu ikaruka. "Huyo mtu atakuletea supu? Atakulipia makaa? Ungemtaja, naye ajitetee mwenyewe, ana mdomo!"

"Mdomo anao," Ersilia alikubali.

Walikula. Dirishani mvua ya Aprili ilikuwa inanyesha juu ya nguo za jirani. Walipomaliza, Ersilia alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza, akaomba msaada. Pete ile ilikuwa imegoma. Amejaribu sabuni, amejaribu mafuta ya kupikia, kidole kimenenepa tangu thelathini na sita.

"Miaka yote umeivaa, leo ndiyo unaitaka itoke?"

"Leo ndiyo nimeruhusiwa."

Feiga hakuuliza na nani. Alidhani ni mambo ya Padre. Akatoa uzi wa hariri kwenye kikapu cha ushonaji, akapitisha ncha moja chini ya pete kwa sindano butu, uliobaki akauzungushia kidole, mzunguko juu ya mzunguko, umekaza mpaka kwenye kifundo, kama wanavyofanya mafundi wote. Kisha akashika ile ncha ya ndani na kuanza kuufungua polepole, na pete ikaanza kupanda juu ya uzi, uzi kwa uzi. Huku anafanya, mdomo haukutulia.

"Jina moja tu," alisema, ameinama juu ya mkono wa rafiki yake, machozi ya hasira yamemjaa. "Ungepungukiwa nini, Ersilia? Hebu niambie. Jina moja la mtu, ungepungukiwa nini?"

Ersilia alitazama utosi wa Feiga, mstari mweupe wa nywele ulipogawanyika.

"Vuta," alisema. "Vuta taratibu, karibu inatoka."